Mtani Aliyemzika Baba

Baba alipokufa, mama aliambiwa mara tatu, na mara zote tatu alicheka.

Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizunguka. Kila ninapowasikia watu wakiusifu utani, wakisema ndio uliotufanya watu wa pwani na watu wa bara tukae pamoja bila kutoana roho, mimi huondoka barazani nikaenda jikoni kutafuta kazi. Sina ugomvi na Wanyamwezi. Sina ugomvi hata na yule mmoja ninayetaka kumsimulia hapa. Ugomvi wangu ni na kicheko cha mama, kwa kuwa nilikipenda kuliko kitu chochote nyumbani kwetu, na siku ile nilicheka pamoja naye.

Tulikaa Bagamoyo, nyuma ya soko, katika nyumba ya bibi mzaa baba. Baba alikuwa Mzaramo wa Kaole, lakini kazi yake ilikuwa mbali, karibu na Pangani, kwenye kiwanda cha mkonge. Alikwenda huko kabla sijaanza kutambua sura za watu. Walimweka chumba cha brashi, mahali ambapo nyuzi za mkonge zilizokwisha kukauka hupitishwa kwenye mashine ili zing'ae kabla ya kufungwa robota na kupelekwa melini. Humo ndani vumbi lilikuwa jingi hata mtu hakumwona mwenzake vizuri. Baba alitoka humo na vitu viwili: bega la kulia lililoshuka kwa kubeba matita ya nyuzi, na kikohozi.

Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa hodi yake. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Idi, na kila mara alichelewa. Watu wametoka kuswali, pilau imepoa, sisi watoto tumekwisha kuzichafua nguo mpya, ndipo unasikia nje ya mlango akikohoa mara mbili, kimya kidogo, halafu mara ya tatu. Hakuwahi kupiga hodi kwake. Mama hakutoka mbio wala hakupiga vigelegele. Alijibu kutoka jikoni bila kugeuza kichwa, "Karibu. Umechelewa." Hapo ndipo Idi ya nyumba yetu ilipoanza.

Kule kambini walikoishi wafanyakazi, chumba cha baba kilipakana na cha Mnyamwezi mmoja aliyekuja kukata mkonge tangu ujana wake, akasilimu hukohuko na kuota mvi hukohuko. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakishuka Bagamoyo na mizigo vichwani. Mtani ana ruhusa ambazo ndugu hana. Anakuvua kofia kichwani akaenda nayo, na huna pa kumshitaki. Mkeo anamwita mke wake. Ukifiwa, anakuja matangani kukuvuruga: anaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akitembea na kusema, anashuka kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka wafiwa wamlipe chochote, hata ugoro wa kiganjani. Ndiyo ada. Mfiwa anacheka bila kutaka, na wakubwa husema kicheko hicho ndicho kinachomfungua kifua.

Mtani huyu alifuatana na baba Idi mbili tatu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nene, na akiingia tu alikwenda moja kwa moja kufunua vyungu vya mama. "Mke wangu," alikuwa akisema, "huyu Mzaramo wako nimekuletea, lakini hana faida, ungeolewa na mimi." Mama alimfukuza na mwiko mpaka uani. Nyumba nzima ilijaa kelele, na baba alikaa kwenye mkeka akicheka mpaka kikohozi kikamkata.

Mwaka ulipokuwa mrefu na Idi iko mbali, mtani alituma salamu. Kila alipompata mtu anayekuja upande wetu alimpa habari ya msiba. Mara, mwambie mke wangu mumewe kamezwa na kiboko. Mara, kaingia kwenye mashine katoka kamba. Mara, kasakamwa na muhogo, tumemzika bila sanda kwa sababu ya uroho wake. Mama alijibu kwa mjumbe huyohuyo: mwambie ahsante, ngozi ya marehemu ashonee viatu. Baba alikufa hivyo mara nyingi, na Idi ikifika alikohoa mlangoni. Ndivyo tulivyozoea kujua kwamba yu mzima. Habari ya kifo chake ikifika, mama alikuwa akiimba siku nzima.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka huko inakouzwa. Sisi wa Bagamoyo hatukujua bei ni nini, tulijua tu kwamba mwenye kiwanda alikwenda kwao na hakurudi, kwamba wenyeji wa kambi walianza kutawanyika mmoja mmoja, na kwamba baba alikataa kuondoka. Alisema mashine zitawashwa tena na mtu wa brashi atahitajiwa. Idi hiyo hakuja.

Miezi michache baadaye, siku ya soko, lori moja lilikuja kuchukua chumvi. Utingo wake, kijana wa Pangani, aliulizia nyumba yetu mpaka akafika. Mama alikuwa amekaa mlangoni anashona kofia, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake, kofia za mkono za vito, yale matundu madogo yanayozungushiwa uzi. Kijana alisimama akasema kama mtu anayesoma alichokariri:

"Kuna Mnyamwezi kule kiwandani kanituma. Kasema, mwambie mke wangu, mumewe kafa. Nimemzika mwenyewe. Alete ubani."

Mama alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Alimkalisha yule kijana, akampa dafu, akamwambia, "Mwambie nimeshukuru kwa kunipunguzia mzigo. Mbuzi wa arobaini amle yeye, mimi nitakuja kula makombo." Kijana naye akacheka, akaondoka. Jioni ile mama aliimba. Nakumbuka hata wimbo, ila sitautaja.

Idi ya pili ilipita bila kikohozi. Sasa majirani wakaanza kunong'ona, na mnong'ono wao haukuwa wa kifo. Walisema, mwanamume asiyerudi kwake wakati kazi imekwisha ana kinachomzuia, na kinachomzuia kimejifunga kanga. Mama aliyasikia. Tangu hapo hofu yake ikawa mke mwenzie. Aliifikiria usiku na mchana, alimpa hata umbo: mwembamba, mweupe, anajua kupika. Hofu ile ilimjaa hata hapakubaki nafasi ya nyingine.

Mfungo sita wa mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, watu wa Pangani walikialika chama chetu cha maulidi. Vijana waliposikia lori linakwenda, wakaomba timu yao nayo ipande, wapate mechi. Mama hakuwa mwimbaji mkubwa, lakini alikwenda kwa kiongozi wa akina mama akaomba nafasi mbili, yake na yangu. Mimi nilikuwa nimevunja ungo karibuni na bibi hakutaka nisafiri. Mama akasema, "Ataka amwone baba yake." Kwangu alisema jambo jingine. Alisema, "Tunakwenda kumchukua. Akiwa na mtu, mimi nitakaa kwenye kizingiti mpaka huyo mtu aone haya."

Akajiandaa kama bibi harusi. Alijipaka hina mikono na miguu, ya rangi kali, akanunua doti ya kanga, akajifukiza udi mpaka nyumba ikanuka. Na akamaliza kofia aliyokuwa akiishona tangu siku alipokuja yule utingo, ya vito vidogo vidogo, ambayo wateja waliitaka naye akasema ina mwenyewe.

Njia ya mkato ya Mkange na Saadani ilikuwa haipitiki kwa tope, kwa hiyo tulizungukia Chalinze, tukarushwarushwa kwenye barabara kuu siku nzima. Wachezaji waliimba, akina mama wakawajibu, na mimi niliyekuwa sijavuka Mto Wami niliona dunia ni kubwa na yangu. Mama alikaa kwenye benchi, ameikunja mikono ndani ya kanga ili hina isiharibike. Hakuna safari niliyoifurahia hivyo tena, na nasema hivyo kwa uchungu.

Pangani niliyoisikia kwa baba ilikuwa mji wa kelele: troli zinazoshuka na robota, makuli, maduka yasiyofungwa, mishahara ya mwisho wa mwezi na ngoma zake. Mji tulioukuta ulikuwa kimya. Maghala ya forodhani yalikuwa matupu, popo wameingia. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa kwa makomeo yaliyoshika kutu. Watu walikuwa wakarimu, waligombania kutupokea majumbani, lakini mtu alikukaribisha huku akikuomba radhi kwa ajili ya mji wake, akisema ungeuona zamani.

Mtani alikuwa amekwisha kusikia kwamba watu wa Bagamoyo wanakuja. Tuliposhuka alikuwa amesimama chini ya lori, amekonda, shati limechanika begani. Alimtazama mama kuanzia kichwani hadi kwenye miguu yenye hina, akapiga makofi.

"Mke wangu! Leo ndiyo unakuja? Mumeo nimemzika, arobaini tumekula, hata makombo uliyoyataka hakuna!"

Mama akaangua kicheko. Nami nikacheka, na akina mama wote waliojua utani ule wakacheka. Nilimtazama yule mzee kwa furaha kwa sababu nilifikiri, alipo mtani, baba hayuko mbali.

"Na wewe umekonda kwa majonzi?" mama akamuuliza.

"Kwa njaa. Wewe je, hina yote hiyo, unatafuta mume mwingine?"

"Nimekufuata wewe," mama akasema. "Lakini kwanza nionyeshe huyo mwanamke uliyemzika mume wangu kwake."

Mtani alicheka sana. "Mwanamke gani? Kwa kifua kile, nani angemtaka?" Akatia mkono kwenye kikapu cha mama bila kuomba, akaitoa ile kofia. "Hii ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Basi yangu." Akaivaa, akatembea nayo kwa maringo huku watu wakishangilia. Mama alimwacha. Ilikuwa haki ya mtani, na tena mama aliamini kwamba kesho yake atamnyang'anya mbele ya mwenyewe.

"Nipeleke basi," mama akamwambia.

"Kesho asubuhi nitakupeleka kaburini. Leo nataka kuona mnavyofungwa mabao."

Nimeyapima maneno hayo miaka mingi. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Yeye aliamini kwamba mama anajua, kwamba amemaliza eda na sasa amekuja kuzuru kaburi, na kwamba anajibu utani kwa utani kama mwanamke jasiri. Mama aliamini kwamba mtani anamficha rafiki yake. Kila mmoja alimwona mwenzake hodari.

Mechi ilichezwa alasiri, kwenye uwanja ulio karibu na bahari. Timu ya Pangani zamani ilivishwa na kiwanda, na vijana wake bado walivaa jezi zile, zimepauka, hakuna mbili zenye rangi moja. Walicheza kwa hasira nzuri. Mtani alisimama nyuma ya golikipa wetu akamtukana kipindi kizima, akimwita mbeba kuni, na golikipa akamjibu huku mpira ukimpita. Bado tulishinda kwa bao la mwisho, na akina mama waliingia uwanjani na vigelegele.

Mama alipiga vigelegele kuliko wote. Lakini nilikuwa kando yake na nilimwona macho yake hayako kwenye mpira. Yalikuwa upande wa pili, kwa watazamaji. Kila mwanamume aliyesimama na bega moja chini, alimgeukia. Alitazama pia wanawake waliosimama karibu yao.

Baada ya isha wakasoma maulidi, dufu zikalia, mama akaimba kwenye mstari wa nyuma. Mimi nilisinzia kwenye mkeka, kichwa mapajani mwake, nikinusa udi.

Asubuhi mtani alikuja mapema, kofia kichwani. Mama alikuwa amekwisha kufunga chakula alichokipika kwa mwenyeji wetu tangu alfajiri: mkate wa kumimina na samaki wa kupaka, vitu alivyovipenda baba. Tukafuata njia ya troli. Reli zilikuwa zimefunikwa na majani, na pande zote mbili mkonge ulikuwa umeachwa ukajiotea. Nilikuwa sijui kwamba mkonge usipokatwa hutoa mti mrefu katikati, ukachanua, kisha ukafa. Mashamba yote yalikuwa yamesimamisha miti hiyo mpaka huko mtoni. Mtani na mama walitaniana njia nzima. Alimwambia kwamba marehemu alimwachia yeye urithi wa mke, na mama akasema hataki mume asiye na meno.

Kiwanda kilikuwa kimebaki na nusu ya paa. Mbuzi walilala chumba cha brashi. Mama alisimama mlangoni akaangalia zile mashine, akaweka mkono kwenye chuma, akautoa una kutu juu ya hina. "Hapa ndipo alipokuwa akija na kuniacha," alisema.

Tukapita kambi, vyumba vingi havina milango. Mama alichungulia chumba alichoonyeshwa kuwa cha baba, akaona hamna mwanamke wala jiko la mwanamke, na uso wake ukachangamka kwa raha. Namwona hata sasa. Alinibana mkono. Hofu yake yote ilikuwa imemtoka.

Nyuma ya kambi palikuwa na mikorosho, na chini ya mikorosho makaburi ya wafanyakazi. Mtani alivua ndara, akawasalimu waliolala humo kama tusalimuvyo makaburini, akasogea kwenye kaburi moja lililofyekewa vizuri, akasema, "Mkeo huyu hapa. Kaja na samaki."

Mama akacheka. Aliweka kikapu chini, akashika kiuno, akaangaza kwenye mikorosho mmoja baada ya mwingine, akapaza sauti:

"Toka huko! Nimekuona! Toka, chakula kinapoa!"

Mimi pia nilitazama. Nilikuwa na hakika kwamba bega lile lingetokeza kwenye mkorosho wa pili, ulio mnene. Mama akaita tena, na safari hii alimwita baba kwa jina lake, jina ambalo sikupata kumsikia akilitaja mbele ya watu. Palikuwa na njiwa tu.

Nilipogeuka, mtani alikuwa ameivua kofia. Uso wake sijui niuelezeje. Alikuwa ameelewa. Akasema taratibu:

"Shemeji."

Hakuwahi kumwita hivyo. Miaka yote alikuwa "mke wangu". Mama alilisikia neno lile, mikono bado kiunoni. Hakuhitaji jingine. Mtani akimwita mke wa mtaniwe shemeji, utani umekwisha.

"Lini?" aliuliza.

"Kabla ya masika ya mwaka jana. Ni kifua. Nilikuletea habari, shemeji."

"Ilifika," mama akasema. "Ilifika siku ya soko. Nilimpa kijana dafu."

Yule mzee alikaa chini kando ya kaburi akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na urefu wake wote. Ndipo akasimulia. Walibaki wachache kambini, wakamwosha, wakamswalia, wakachimba. Naye akashuka kaburini akalala, kama ada, akangoja mfiwa aje amtoe. Wenzake walisimama juu wakimtazama. Hapakuwa na ndugu wa kumlipa wala mjane wa kumchekesha. Alilala mpaka akaona aibu, akatoka mwenyewe. Kisha jibu la mama lilipofika, lile la mbuzi na makombo, alifurahi akasema, huyu mwanamke anaijua ada. Siku ya arobaini alikwenda barabarani kumngojea. Alipokosa kuja, alimkasirikia, na hasira ile alikuwa nayo mpaka jana yake alipomwona anashuka kwenye lori.

Mama hakulia. Alikifungua kikapu, akakata mkate, akatugawia, akasema tule, chakula kisirudi. Tukala pale. Sijapata kula kitu kigumu kumeza kama ule mkate, na ulikuwa laini.

Tuliporudi mjini, akina mama walitupokea kwa kilio, kwa maana habari ilikwisha kutangulia. Mama akaomba kitu kimoja tu. Alitaka nguo nyeupe na chumba cha kukalia eda hukohuko Pangani, karibu na kaburi. Wakamwita mwalimu wa chama chetu cha maulidi, mtu mpole aliyesoma sana. Alimuuliza baba alikufa lini, akahesabu vidoleni, akamwambia kwa huruma kwamba hana eda. Eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku mke alipopata habari. Yake ilikwisha kupita zamani bila mwenyewe kujua.

Nadhani alifikiri anampunguzia uzito. Mama alimtazama.

"Mwalimu, miezi ile nilicheza harusi," alisema. "Nilijifukiza. Nilivaa maua kichwani."

"Hukujua. Huna dhambi."

"Siulizi dhambi."

Mwalimu akasoma Fatiha. Mama alikwenda uani kwa mwenyeji wetu, akaomba ndimu na mchanga, akaanza kuisugua hina. Alisugua viganja, alisugua nyayo, alisugua mpaka mimi nikamshika mikono. Hina ile ilikuwa nzuri, ya kazi. Haikutoka hata kidogo. Hapo ndipo alipolia, na nilipolia mimi, na nikamchukia kila mtu niliyemjua aliyewahi kufanya mzaha.

Kesho yake lori lilikuwa tayari asubuhi. Wachezaji, ambao ni watoto na wana furaha ya ushindi, walikuwa wamekatazwa kuimba, wakakaa wamebana midomo. Mtani alikuja kutuaga. Alisimama mbali, hakuthubutu kusogea. Kofia alikuwa ameikunja vizuri, akamnyooshea mama kwa mikono miwili.

"Chukua, shemeji. Nisamehe."

Mama hakuipokea. "Siku ile ya maziko," alisema, "ulimwigiza?"

"Nimwigize mbele ya nani?"

"Basi mwigize sasa."

Watu wakatazamana. Kiongozi wa akina mama akamshika mkono, akamwambia twende, mwenzangu, jua linapanda. Mama akauondoa mkono wake. Alisema kwa sauti ambayo lori zima liliisikia:

"Eda nimenyimwa. Utani wangu sinyimwi. Mimi ni mfiwa, na huyu ni mtani wetu. Mwigize, mume wangu."

Alimwita mume wangu. Yule mzee akaivaa kofia, akaishusha mbele karibu na nyusi, vile vile alivyokuwa akiivaa baba. Akarudi nyuma mpaka kwenye kona ya ghala. Akalishusha bega la kulia. Akaja.

Mimi nilikuwa nimeanza kuisahau sura ya baba, sikuwa nimemwambia mtu. Nilijua tu kikohozi chake. Lakini mwendo ule, mguu wa kushoto unaotangulia, mkono unaoshika pindo la shuka ili lisiburute, kichwa kinachoinama kama anayeogopa kugonga mlango wa chini, vyote vilikuwa vya baba na vilikuwa vinatujia barabarani mchana kweupe. Mtu mmoja kwenye lori alicheka, kwa maana ilikuwa inachekesha. Kisha mwingine. Mama naye akacheka, kile kicheko chake chenyewe, huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni.

"Rudia," alisema.

Akarudi konani, akaja tena. Alipofika mbele yetu, karibu kabisa, alisimama kama mtu aliyefika mlangoni. Akakohoa mara mbili. Akanyamaza kidogo. Akakohoa mara ya tatu.

Mama alikuwa ameinama anafunga fundo la kanga. Alijibu bila kugeuza kichwa.

"Karibu," alisema. "Umechelewa."